Mgongo au kijito: mwogaji yupi wa kujifunzia

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni aliniletea karatasi mbili alizochapisha kwenye duka la steshenari. Ya kwanza ilikuwa na mwanamke aliyeketi ukingoni mwa kitanda, ametupa mgongo. Ya pili ilikuwa na mwanamke aliyesimama majini, amepandisha shimizi lake jeupe lisilowe. "Mwalimu," akaniuliza, "nina miezi mitatu na pesa za rangi za picha moja tu. Ninakili ipi?"

Nilimjibu papo hapo: ya mgongo. Ndiyo niliyofundishwa nayo mimi, na ndiyo walimu wengi wanaanza nayo. Nikiwa kwenye daladala nikaona sikumtendea haki, kwa sababu picha hizi mbili zinafundisha mambo yanayokaribia kupingana, na uchaguzi unategemea anataka mkono wake uende wapi. Hapa najibu kama nilivyopaswa kujibu siku ile.

Kwanza tuzijue. Ya mgongo ni ya Jean-Auguste-Dominique Ingres, Mfaransa aliyezaliwa Montauban mwaka 1780. Aliichora Roma mwaka 1808, akiwa kijana wa miaka 28 anayesomeshwa na serikali ya Ufaransa katika jumba la Villa Medici. Vijana wa pale walitakiwa kupeleka kazi Paris ili wakubwa wa chuo cha sanaa waone pesa zinazaa nini. Picha hii ilikuwa mojawapo, na wakubwa hawakuipokea kwa furaha. Yeye mwenyewe aliiita Mwanamke Aliyeketi, basi. Jina la leo, Mwogaji wa Valpinçon, limetokana na mtu aliyeimiliki baadaye. Jumba la makumbusho la Louvre lilinunua picha hiyo mwaka 1879. Ina urefu wa sentimita 146 na upana wa 97, yaani mwanamke yule anakaribia ukubwa wa mtu halisi.

Ya kijitoni ni ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, imechorwa Amsterdam mwaka 1654, miaka 154 kabla ya ile ya Ingres. Iko juu ya ubao wa mwaloni, sentimita 61.8 kwa 47, na tangu mwaka 1831 iko National Gallery, London, kwa wasia wa kasisi aliyeitwa William Holwell Carr. Wataalamu wengi wanadhani mwanamke yule ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na Rembrandt bila ndoa. Mwaka huohuo wa 1654 baraza la kanisa lilimwita Hendrickje na kumkaripia kwa maisha hayo, na mwezi wa Oktoba mtoto wao, Cornelia, akabatizwa. Hakuna karatasi inayothibitisha kwamba ni yeye. Mimi hunisaidia kujua tu kwamba mwaka ule nyumba ile ilikuwa na maneno mengi mlangoni, na bado picha hii ikatoka humo.

Mtu akinakili picha, kitu cha kwanza cha kujiuliza ni kwamba mchoraji amenisimamisha wapi. Hisia ya picha huanzia hapo, kabla hata ya rangi. Mwanafunzi anayeruka swali hilo huishia kunakili vitu vilivyomo na kuiacha picha yenyewe.

Kwa Ingres umesimama nyuma ya mwanamke, ndani ya chumba kilekile, hatua chache kutoka kitandani. Labda hajui kwamba uko. Labda anajua na hajali. Huwezi kuamua, kwa sababu uso umenyimwa: kuna sikio, kuna kipande cha shavu kilicho kivulini, na hapo ndipo mwisho. Ingres angegeuza kichwa kile kidogo tu tungepata pua na jicho, na papo hapo picha ingekuwa ya mtu fulani mwenye jina. Hakugeuza.

Sasa tazama alivyokuzuia usisogee. Kushoto pazia zito la kijani kilichofifia linashuka kutoka juu mpaka chini kama nguzo. Kulia kitanda chenye shuka nyeupe kinalala kama mstari wa upeo. Kati ya kilichosimama na kilicholala ndipo ulipowekwa mwili ambao hauna mstari hata mmoja ulionyooka. Kilemba ni mviringo, bega ni mviringo, kiuno na nyonga ni mviringo mmoja mrefu unaopumua. Vitu vilivyonyooka vinaushika mwili ule kama viganja vinavyoshika yai. Ndiyo maana picha imetulia hivi. Ondoa pazia, acha mwanamke na kitanda peke yake, na utaona mwili unaanza kuteleza kuelekea kushoto.

Mwili huo karibu hauna mifupa. Usitafute uti wa mgongo uliojichomoza, wala mabega ya mtu aliyewahi kubeba ndoo. Miguu nayo, ukiifuatilia kutoka nyongani kwenda chini, unafika mahali unashindwa kueleza mguu ule unatokea wapi hasa. Ingres alijua kuchora mifupa, alikuwa miongoni mwa wachoraji hodari wa penseli waliowahi kuishi, lakini alitaka ukingo wa mwili uende bila kukatika, na kila mfupa uliotaka kukata ukingo huo aliunyamazisha. Miaka sita baadaye, mwaka 1814, alimchora mwanamke mwingine aliyelala, mwenye mgongo mrefu kuliko inavyowezekana, na watu wakamshambulia wakisema amemwongezea pingili za uti wa mgongo. Katika picha ya 1808 ujanja huo upo tayari, ila bado una adabu.

Halafu kuna nyekundu. Kilemba cheupe kina michirizi myekundu, na chini sakafuni, karibu na miguu, kuna ndara nyekundu. Hizo mbili ndizo sauti pekee za juu katika chumba cha nyeupe, kijani na rangi ya ngozi. Jicho linaanzia kilembani, linaona ndara, linashuka kuifuata, kisha linapanda tena, na kila safari linapita mgongoni. Mfundishe mwanafunzi jaribio hili: aizibe ndara kwa kidole gumba. Mgongo ni uleule, lakini jicho sasa linabaki juu, na nusu ya chini ya picha inakufa.

Kitu kimoja tu ndicho kinachosogea. Chini, kwa ndani ya pazia, kichwa cha simba kinatema uzi mwembamba wa maji kwenye birika lililochimbwa sakafuni. Nasema birika kwa maana ya watu wa pwani, lile la kuogea na kutawadhia kwenye nyumba na misikiti ya zamani, si la chai. Maji yale ni madogo sana, watu wengi hawayaoni mpaka waonyeshwe. Ukishayaona, unayasikia. Chumba kizima kinageuka kuwa mahali ambapo mtu anasubiri birika lijae.

Hapa niseme jambo moja kwa wasomaji wetu. Sisi tumeishi na vilemba, mapazia ya milangoni na mabirika, kwa hiyo tunatambua upesi kwamba chumba hiki hakijawahi kutumika. Hakuna kata, hakuna sabuni, hakuna nguo iliyovuliwa ikatupwa. Ni Mashariki ya kufikirika, iliyotungwa na kijana aliyekaa Roma. Hilo halipunguzi uzuri wa mgongo ule, lakini mwanafunzi asidanganyike kwamba ananakili maisha ya watu. Ananakili wazo.

Kama mtu bado ana shaka kwamba mpangilio ndio unaoleta hisia, Ingres mwenyewe ametuachia ushahidi. Mwaka 1862, miaka 54 baadaye, alikamilisha picha ya hamamu ya Kituruki, na kwa fahari akaandika juu yake kwamba ana umri wa miaka 82. Picha hiyo ni ya mviringo, nayo iko Louvre. Mbele kabisa yupo yeye yuleyule, mgongo uleule, kilemba kilekile. Safari hii ana chombo cha muziki cha nyuzi mikononi, na mbele yake wanawake wamejaa wakijinyoosha, wakisikiliza, wakisukana. Sasa linganisha. Mgongo haukubadilika, ila ukimya umetoweka. Kilichouleta ukimya wa 1808 ni nafasi tupu iliyoachwa kuuzunguka mgongo ule. Ingres alipoijaza nafasi hiyo watu, mgongo ukawa wa mpiga muziki katikati ya shughuli. Nimewaonyesha wanafunzi picha hizo mbili pamoja mara nyingi, na sijapata somo la mpangilio linaloingia akilini haraka kuliko hilo.

Tuhamie kijitoni.

Rembrandt amekusimamisha mbele, karibu na maji. Mwanamke anakuja upande wako, na uso wake unauona wote, lakini yeye hakuoni. Ameinamisha macho, anatazama maji. Amelishika shimizi kwa mikono yote miwili na kulipandisha mpaka mapajani, maji yamemfika karibu na magoti. Kila mtu aliyewahi kuvuka mto akikunja kanga anayajua macho yale. Hayatafuti uzuri. Yanatafuta mahali pa kukanyaga.

Mdomoni kuna kitu kinachoanza kuwa tabasamu. Watu huuliza anatabasamu kwa nini. Mimi naona ni baridi ya maji, au kufurahi kwamba mguu umepata mchanga, hisia ya mtu aliye peke yake na mwili wake kwa dakika tano. Ndiyo maana hatujioni wachunguliaji tukisimama mbele ya picha hii, ingawa shimizi limefunguka kifuani na mapaja yako wazi. Ana kazi anayoifanya. Mwanamke wa Ingres hafanyi kazi yoyote, amewekwa.

Mpangilio wa Rembrandt ukiutazama haraka unaonekana hakuna mpangilio. Mtu mmoja katikati, amesimama, giza limemzunguka. Hakuna nguzo wala mlalo wa kumshika. Kinachomshika ni mwanga wenyewe, unaoshuka kwenye paji la uso, kifua na shimizi, kisha unaanguka majini na kuvunjika kwenye kivuli cha miguu yake. Mwanamke na kivuli chake majini vinafanya mhimili mmoja wima, na mahali miguu inapokata maji pana viwimbi vichache vya mwanga. Hapo ndipo picha inapokaa. Ukiziba viwimbi vile, mwanamke anasimama juu ya sakafu ya kahawia. Brashi chache zimebeba kijito kizima.

Nyuma yake, ukingoni mwa maji, kuna vazi zito la nyekundu na dhahabu limewekwa chini. Ni jibu la Rembrandt kwa swali la giza: bila rangi ile ya joto, mwanamke angeelea hewani. Lakini vazi lile pia linaleta maswali. Si nguo ya mfuaji. Wapo wanaosema huyu ni Susana, yule wa hadithi ya kale aliyechunguliwa na wazee akioga, wapo wanaosema ni Bath-sheba, aliyeonwa na Mfalme Daudi, na wengine Diana, mungu mke wa mwezi wa Warumi. Rembrandt hakuweka wazee wanaochungulia, hakuweka mfalme darini, hakuweka mwezi kichwani. Aliacha vazi la kifahari na mwanamke aliyevaa shimizi, akatia saini na mwaka.

Saini hiyo ni muhimu kwa mtu anayetaka kunakili, na nitaeleza kwa nini. Tazama pindo la shimizi pale lilipokunjwa, na mkono wake wa kulia. Pindo limepakwa kwa brashi pana yenye nyeupe nzito, likavutwa rangi ingali mbichi, na kwenye vivuli vyake Rembrandt hakupaka kitu: ameacha rangi ya kahawia ya msingi, ile aliyoanza nayo kabla ya picha. Mkono nao ni brashi chache tu. Kwa sababu hiyo wapo waliodhani picha haijakamilika. Lakini mtu hatii saini na kuandika mwaka juu ya kazi ambayo bado anaidai. Aliona imefika, akaacha. Katika miaka yangu ya kufundisha, sijapata jambo gumu kumfundisha mtu kama hilo la kuacha.

Basi kazi ya mkono. Ukinakili Ingres, anza na penseli wala usiguse rangi kwa wiki mbili. Chora ukingo wa kushoto wa mwili kwa mstari mmoja, kutoka shingoni mpaka nyongani, bila kuinua mkono. Utakosea. Futa, rudia. Kosa la milimita mbili kiunoni linamgeuza mwanamke kuwa mgonjwa au gunia. Hilo ndilo linalomfanya Ingres kuwa mwalimu mkali na mwaminifu, kosa linaonekana na kila mtu, hata mdogo wako aliyepita tu sebuleni. Ukifika kwenye rangi, tumia brashi laini na rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke. Ingres hakutaka alama ya brashi ionekane kwenye ngozi. Kwa rangi za mafuta na unyevunyevu wa pwani, hesabu wiki za kusubiri, na miezi mitatu inakwisha upesi.

Ukinakili Rembrandt, mambo yanageuka. Paka ubao wote kahawia kwanza, uache ukauke. Rangi unazohitaji ni chache: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo, kahawia mbili, nyekundu. Nyeupe aliyotumia yeye ilikuwa ya risasi, nayo ni sumu, usiitafute. Nyeupe ya titani inatosha, ila ni baridi na inafunika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo itie manjano ya udongo kidogo sana, kama chumvi. Picha inaweza kuisha kwa siku chache za kazi. Hatari yake ni kwamba brashi zile zinaonekana rahisi. Mwanafunzi ananakili mtindo wa brashi bila kujua paja liko wapi chini ya nguo, na anachopata ni uji mweupe. Rembrandt alikuwa na miaka 47 au 48, na nyuma ya kila brashi ya pindo lile kuna mapaja mengi aliyoyachora kwa uangalifu wote.

Ndugu Goncourt, waandishi wa Kifaransa wa karne ya 19, waliusifu mgongo wa Ingres kwa kusema kwamba Rembrandt mwenyewe angeuonea wivu rangi yake ya kaharabu. Nimeisoma sifa hiyo mara nyingi na siikubali. Kaharabu ya Ingres imesambaa sawasawa, kama asali iliyomiminwa kwenye sahani. Ngozi ya Rembrandt hubadilika ndani ya upana wa vidole vitatu: paji la uso lina joto, goti limepauka kwa maji, shingo ina kivuli cha kijivu. Mmoja alitafuta rangi ya ngozi, mwingine alitafuta ngozi ikiwa mahali fulani saa fulani. Sioni wivu ungetoka wapi.

Kuna jambo la uchapishaji ambalo halitajwi sana, na kwa watu wetu wengi ndilo litakaloamua. Karibu sote tunazijua picha hizi kupitia karatasi na simu. Karatasi ya A2 ni sentimita 59.4 kwa 42. Rembrandt akichapishwa hapo anakaribia ukubwa wake halisi, unaweza kuweka kidole pale alipoweka brashi. Ingres kwenye A4 amepunguzwa karibu mara tano, na hata A0 haimtoshi. Lakini mashine za mitaani huua kahawia. Nakala ya mwanafunzi wangu ilikuwa nyeusi tupu nyuma ya mwanamke, vazi jekundu limezama, na kivuli cha miguu majini hakipo. Ingres alistahimili vizuri zaidi, kwa sababu umbo lake ni bayana na linaishi hata rangi ikiharibika. Kama utachapisha Rembrandt, lipia karatasi ya picha, na tafuta faili kubwa, usitumie ile iliyopita kwenye vikundi vya simu.

Uthabiti huo wa umbo la Ingres ndio uliompa maisha mapya kwenye kamera. Mwaka 1924 Man Ray, mpiga picha Mmarekani, alimpiga picha Kiki wa Montparnasse, mwanamitindo wa Paris, kwa mgongo, kichwani kilemba, kisha akachora matundu mawili ya fidla mgongoni. Ingres alikuwa mpiga fidla kweli, na Wafaransa hadi leo huita burudani ya pembeni ya mtu "fidla ya Ingres". Mwaka 2022 nakala moja ya picha hiyo iliuzwa kwenye mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 12. Mpiga picha au mbunifu wa matangazo akiniuliza achague ipi, simzungushi: Ingres. Jifunze jinsi ukingo mmoja unavyoweza kubeba picha nzima. Mwanamke wa kijitoni hawezi kufanyiwa hivyo, ukimtoa kwenye giza na maji yake hubaki na chochote.

Wapo wanafunzi wasioweza kukaa na picha isiyo na kisa. Kwa hao kuna ya tatu, na ni ya Rembrandt huyohuyo, mwaka uleule 1654: Bath-sheba akioga. Ni mraba wa sentimita 142, iliingia Louvre mwaka 1869 kwa wasia wa daktari Louis La Caze, kwa hiyo iko jumba moja na ile ya Ingres. Fungua 2 Samweli 11 kwanza. Daudi alimwona mwanamke akioga, akatuma wajumbe wamlete. Barua inayotajwa katika sura ile ni nyingine, ile aliyobebeshwa Uria, mume wake, ampelekee Yoabu, bila kujua kwamba ndani yake mna kifo chake mwenyewe. Rembrandt akaiweka barua mkononi mwa Bath-sheba. Mfalme hayumo pichani. Kuna mtumishi mzee anayemsafisha mguu, kuna Bath-sheba mwenyewe ameinamisha kichwa pembeni, na karatasi. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba kichwa kile mwanzoni kilikuwa kimeinuka zaidi. Mchoraji akakishusha, na kwa kukishusha tu, mwanamke aliyepokea habari akawa mwanamke anayeibeba. Sishauri mtu aanze nayo. Inahitaji uwe umekwisha kujua mwili, nguo na uso, vyote kwa pamoja. Lakini ukipata siku moja Paris, na isiwe Jumanne maana Louvre hufungwa, zitazame hizo mbili bila kupitia kitu kingine katikati.

London ni nafuu zaidi: National Gallery haina kiingilio, na mtu anaweza kuingia kwa dakika kumi akamtazama mwanamke wa kijitoni, akaenda zake kazini, akarudi kesho. Kwa ndugu zetu wanaoishi kule hilo ni jambo kubwa. Picha ndogo inataka kurudiwa.

Swali la ukutani nalo huulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini. Nyumba zetu nyingi zina wazee, wageni, watoto, na sebule ni mahali pa staha. Sitamwambia mtu kwamba hilo ni ushamba, kwa sababu si ushamba. Mgongo wa Ingres, kwa mtazamo wangu, ni mtupu zaidi hata kama unaonyesha kidogo, maana picha nzima imejengwa ili utazame mwili ule na usikutane na macho ya mwenyewe. Wa kijitoni amevaa, lakini nguo ile inasema mengi kuliko mgongo. Mimi nina Rembrandt, ukubwa wa A2, kwenye chumba ninachofanyia kazi, juu ya meza ya rangi. Ya Ingres iko ndani ya faili la masomo, naitoa ninapofundisha. Nimekaa na ya kijitoni miaka mingi bila kuichoka. Ya mgongo huninyamazisha kila nikiitoa, kisha baada ya muda natamani kuirudisha kwenye faili.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi ambaye bado mkono haujashika umbo, na ana penseli na uvumilivu: Ingres, kwa penseli tu, mwezi mzima, na asinunue rangi. Kwa mtu anayechora umbo vizuri lakini picha zake zimekaza, kila sehemu imemalizwa sawasawa na hakuna hewa: Rembrandt, kwa rangi, na aanze na pindo la shimizi. Kwa anayetaka kuelewa jinsi ukimya unavyojengwa kwa pazia, kitanda na nafasi tupu: arudi kwa Ingres na achore hata bila mwanamke, chumba peke yake. Nimewahi kuwapa darasa zima zoezi hilo, na chumba kile kitupu kilibaki kinasubiri mtu.

Mwanafunzi wangu alikuwa wa kundi la pili. Nilimpigia simu, nikamwambia nimebadili shauri. Alinunua ubao, akaupaka kahawia, na wiki ya tano akaniletea. Uso ulikuwa mzuri, maji yalikuwa mazuri. Pindo la shimizi alikuwa amelipaka mara tatu, nyeupe juu ya nyeupe, likawa gumu kama ganda la yai. Nilimpa kisu cha rangi. Alikwangua polepole mpaka kahawia ya chini ikatokea kwenye mikunjo, akasogea nyuma hatua mbili, akatazama, akaniuliza kama anaruhusiwa kuiacha hivyo.

Nikamwambia atie saini.